Jina, Nyumba na Ardhi: Ufuatiliaji wa Nasaba ya Familia ya Wakulima Miongoni mwa Wakikuyu

1.0 Utangulizi

Familia ya wakulima ambayo haikuacha barua, daftari wala maandishi ya makaburini huchukuliwa mara nyingi kuwa haina historia inayoweza kufuatiliwa kupita babu wa mzee aliye hai. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa upande wa Wakikuyu wa Kenya ya kati, dhana hiyo haina msingi. Familia ya Kikuyu ina kumbukumbu mbili za nasaba zinazokwenda sambamba. Ya kwanza ni nasaba ya ardhi, yaani orodha ya wanaume inayotoka kwa mwanzilishi wa mbari hadi kwa mmiliki wa sasa wa shamba. Ya pili ni nasaba ya majina, ambayo imefumwa ndani ya utaratibu wa kuwapa watoto majina, na ambayo hubebwa na kila mtoto hata kama hajui kuwa anaibeba.

Watafiti wengi wameitegemea zaidi kumbukumbu ya kwanza. Sababu ni wazi: ndiyo iliyosimuliwa mbele ya mabaraza, ikaandikwa na makarani na kuhifadhiwa katika nyaraka za serikali. Hata hivyo, nasaba ya ardhi ni hoja kabla haijawa historia. Ilisimuliwa ili kuthibitisha haki ya kulima mahali fulani, na kwa hiyo iliwaacha nje watu ambao hawakuhitajika katika hoja hiyo, hasa wanawake. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba nasaba ya majina huwarejesha watu hao, na kwamba bila kuisoma kwa kanuni zake za kiisimu, mtafiti hawezi kuchora mti wa nasaba ulio sahihi.

Makala yamegawanyika katika sehemu saba. Baada ya utangulizi huu, sehemu ya pili inajadili istilahi za udugu. Ya tatu inaeleza nasaba ya ardhi. Ya nne, ambayo ndiyo kiini, inachambua nasaba ya majina. Sehemu ya tano inahusu ukadiriaji wa wakati kwa kutumia marika, ya sita inahusu maandishi, na ya saba ni hitimisho.

2.0 Istilahi za Udugu

Hatua ya kwanza katika ufuatiliaji wa nasaba ni kujua msimuliaji anamaanisha nani anapotaja jamaa yake. Jambo hili huonekana rahisi, lakini ndilo chanzo cha makosa mengi, hasa pale ambapo mahojiano hufanywa kwa Kiswahili na mtu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikuyu.

Kiswahili kina msamiati tajiri wa kushuka: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe na kilembwekeza. Kwa upande wa kupanda, msamiati huo hupungua upesi. Baada ya babu na nyanya, msemaji hulazimika kuunda maelezo kama vile babu mzaa babu, au kutumia neno la jumla, mababu. Hivyo basi, msimuliaji anaposema kwa Kiswahili kwamba shamba lilifyekwa na babu yake, neno hilo laweza kumhusu baba wa baba yake, ndugu wa mzee huyo, au mtu aliyeishi vizazi vitano kabla yake. Kikuyu nacho kina guka kwa babu na cũcũ kwa nyanya, na maneno hayo hutumiwa pia kwa heshima kwa wazee wa kizazi hicho wasio wazazi wa wazazi.

Mtego mkubwa zaidi uko katika neno mama. Katika Kiswahili, mama ni mzazi wa kike. Katika Kikuyu, mama ni ndugu wa kiume wa mama, yaani mjomba. Mzazi wa kike huitwa maitũ, na akiwa mzazi wa mtu mwingine huitwa nyina. Msimuliaji mzee anayechanganya lugha akisema kwamba shamba la ng'ambo ya mto lilitolewa na mama, mwandishi asiyekuwa makini ataandika kuwa lilitoka kwa mwanamke, ilhali lilitoka kwa mjomba, na kwa hiyo kwa mbari nyingine kabisa. Kosa la neno moja huhamisha shamba kutoka ukoo mmoja hadi mwingine.

Neno baba nalo lina upana wake. Katika lugha zote mbili ndugu wa kiume wa baba ni baba pia, jambo ambalo Kiswahili hulitenga kwa vivumishi: baba mkubwa, baba mdogo. Aidha, baba wa nasaba si lazima awe mzazi wa damu. Mjane wa Kikuyu aliporithiwa na ndugu wa marehemu, watoto waliozaliwa baadaye walihesabiwa kuwa wa marehemu. Hali kadhalika, mwanamke mjane asiyekuwa na mtoto aliweza kuoa mke ili nyumba ya mumewe isizimike, na watoto wa mke huyo wakaendeleza jina la mume ambaye pengine alifariki kabla mama yao hajaingia bomani. Kwa hiyo mtafiti anapouliza baba yake fulani ni nani, jibu analopata ni la kijamii, na ni sahihi kwa kipimo cha jamii iliyolitoa.

3.0 Nasaba ya Ardhi

Neno mbari linapatikana katika Kiswahili kwa maana ya ukoo au jamaa. Katika Kikuyu, mbari ni kundi la watu waliotokana na mwanzilishi mmoja anayejulikana kwa jina, na ambao wana haki katika gĩthaka, yaani eneo la ardhi alilolipata mwanzilishi huyo. Katika sehemu za Murang'a na Nyeri, ardhi hiyo kwa kawaida ilipatikana kwa kufyeka msitu. Katika sehemu za Kiambu, mbari nyingi zilidai kuwa ziliinunua kwa mbuzi kutoka kwa wawindaji waliojulikana kama Athi au Wandorobo. Mbari husimamiwa na mũramati, ambaye ni mlinzi wa ardhi kwa niaba ya wenzake.

Ni muhimu kutofautisha mbari na mũhĩrĩga, yaani ukoo mpana. Kwa mujibu wa masimulizi ya asili, koo hizo zilitokana na mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi: Anjirũ ni watu wa Wanjirũ, Ambũi ni watu wa Wambũi, Airimũ ni watu wa Wairimũ. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Koo zina majina ya wanawake, lakini uanachama wake hupitia kwa wanaume. Mpangilio wa juu kabisa wa jamii unamkumbuka mwanamke, huku mnyororo unaomfikisha mtu kwenye ukoo huo ukimsahau.

Mnyororo wenyewe husimuliwa kwa kiunganishi wa: fulani wa fulani wa fulani. Muundo huu unafanana na bin wa majina ya pwani, ambao pia huunganisha mtu na baba, babu na baba wa babu. Mwenye uwezo wa kutaja majina hayo bila kusita hadi kwa mwanzilishi alihesabiwa kuwa mwenyeji. Aliyeshindwa aliweza kudhaniwa kuwa mũhoi, mtu aliyeombewa au aliyejiombea mahali pa kulima bila haki ya kudumu, au mũthoni, yaani mkwe aliyepewa ardhi kwa sababu ya ndoa.

Haja ya kuutaja mnyororo huo ilizidi kuwa kubwa baada ya 1898. Njaa kuu ya mwaka huo na uliofuata, inayokumbukwa Kiambu kwa jina la Ng'aragu ya Rũraya, ilifuatana na ndui, na watu wengi walikufa au wakahamia kaskazini kwa jamaa zao wa Murang'a na Nyeri. Walowezi walipoanza kupewa ardhi miaka michache baadaye, mashamba yaliyokuwa yameachwa kwa muda yalichukuliwa kana kwamba hayakuwa na wenyewe. Malalamiko yaliyotokana na hali hiyo yaliwasilishwa mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoteuliwa mwaka 1932 chini ya uenyekiti wa Morris Carter na kutoa ripoti yake mwaka 1934. Mbari nyingi zilitoa mbele ya tume hiyo majina ya waanzilishi na warithi wao, na ushahidi huo ulichapishwa. Ni hazina kubwa kwa mtafiti wa nasaba, mradi akumbuke kwamba kila orodha ndani yake ililetwa na mdai.

Mzunguko wa pili ulikuja wakati wa Hali ya Hatari. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulitaka vipande vya ardhi vilivyotawanyika viunganishwe na kila mkulima apewe hati. Katika Kenya ya kati kazi hiyo ilifanywa wakati watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vya lazima na wanaume wengi wakiwa kizuizini. Mashamba kwa kawaida yaliandikishwa kwa jina la mwanamume mmoja, mkuu wa familia. Haki za ahoi, za wajane na za mabinti waliorudi nyumbani, ambazo hapo awali zilitambuliwa kwa maneno na kwa matumizi, hazikuwa na safu katika daftari.

Pamoja na hayo, nasaba ya ardhi haikumfuta mwanamke kabisa. Katika ndoa za mitala kila mke alikuwa na nyũmba yake na mashamba yake ya kulima, na watoto wake wa kiume ndio waliorithi mashamba hayo. Kwa hiyo mbari ilipogawanyika, iligawanyika kwa nyumba, na nyumba iliitwa kwa jina la mama. Mipaka mingi kati ya mashamba ya ndugu wa baba mmoja kwa hakika ni mipaka kati ya wake wenza. Mtafiti anayeuliza kwa nini mpaka umepita hapa na si pale, mara nyingi atajibiwa kwa jina la mwanamke ambaye hayumo katika orodha aliyokwisha kuandikiwa.

4.0 Nasaba ya Majina

4.1 Kanuni

Utaratibu wa Wakikuyu wa kuwapa watoto majina umeelezwa na wataalamu mbalimbali, wakiwemo Kenyatta (1938) na Leakey (1977). Kanuni zake za msingi ni nne. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Wa pili wa kiume hupewa jina la baba wa mama yake. Mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama wa baba yake, na wa pili wa kike jina la mama wa mama yake. Watoto wanaofuata hupewa majina ya ndugu wa wazazi kwa kupokezana, upande wa baba ukitangulia na wakubwa wakiwatangulia wadogo.

Kiswahili kina maneno somo na wajina kwa watu wanaoshiriki jina moja. Hata hivyo, uhusiano unaokusudiwa na utaratibu wa Kikuyu ni mzito zaidi. Mtoto humrudisha mzee nyumbani, na wazazi huweza kumwita kwa heshima inayomstahili yule aliyempa jina. Jina Kariũki linatokana na kitenzi chenye maana ya kufufuka, na Njoki linatokana na kitenzi chenye maana ya kurudi. Majina hayo yanaeleza kwa uwazi wazo linaloutawala mfumo mzima.

Kwa mtazamo wa kiisimu, jambo la msingi ni kwamba jina katika mfumo huu lina nafasi. Mfuatano wa watoto ni aina ya sintaksia: jina lilelile hutoa taarifa tofauti likiwa katika nafasi ya kwanza na likiwa katika nafasi ya pili. Mtu anayejua jina bila kujua nafasi yake anajua nusu ya habari tu.

4.2 Mfano

Ili kufafanua jambo hili, ichukuliwe familia ya kubuni, ambayo majina yake ni ya kueleza tu. Baba ni Mwangi na mama ni Wairimũ. Watoto wao wa kiume, kwa mfuatano wa kuzaliwa, ni Kamau, Ngũgĩ na Karanja. Wa kike ni Wambũi na Njoki.

Kutokana na kanuni nne zilizotajwa, wazazi wa wazazi hupatikana mara moja. Baba yake Mwangi aliitwa Kamau na mama yake aliitwa Wambũi. Baba yake Wairimũ aliitwa Ngũgĩ na mama yake aliitwa Njoki. Mtoto wa tatu wa kiume, Karanja, amepewa jina la ndugu wa baba, na kwa kuwa wakubwa hutangulia, inatarajiwa kuwa Karanja huyo ndiye kaka mkubwa wa Mwangi.

Sasa na iulizwe swali moja: Mwangi alikuwa mtoto wa kiume wa ngapi? Jibu likiwa wa pili, basi mwenye jina la baba wa Kamau si yeye bali ni kaka yake wa kwanza, Karanja. Kwa hiyo baba wa Kamau aliitwa Karanja. Jina la Mwangi lilitoka kwa baba wa Wambũi, mtu wa mbari nyingine. Kwa njia hiyohiyo, kama Wairimũ alikuwa binti wa kwanza wa wazazi wake, mama wa Ngũgĩ aliitwa Wairimũ. Kama alikuwa wa pili, basi ni mama wa Njoki.

Matokeo yake yanastahili kuhesabiwa. Nasaba ya ardhi ya mtoto Kamau ingesema: Kamau wa Mwangi wa Kamau wa Karanja, yaani wazee watatu, wote wanaume. Nasaba ya majina imetoa watu tisa: wazazi wawili, wazazi wao wanne, na watatu wa kizazi kilichotangulia. Kati yao wanne ni wanawake. Hakuna hata mmoja aliyetajwa kwa kusimuliwa. Wote wametokana na majina ya watoto watano na maswali machache kuhusu mfuatano wa kuzaliwa.

Mfano huu unaonyesha pia hatari ya kuitumia kanuni bila uangalifu. Mtafiti anayejua tu kwamba majina ya Kikuyu hurudi baada ya kizazi kimoja atapokea Kamau wa Mwangi wa Kamau na kuongeza mwenyewe wa Mwangi. Atakuwa amemwingiza katika mbari ya Kamau mzee wa mbari ya Wambũi, na kumwondoa Karanja, ambaye pengine ndiye aliyefyeka shamba. Iwapo maandishi yake yatatumiwa katika mgogoro wa ardhi, kosa hilo la kiisimu litakuwa ushahidi wa uongo.

4.3 Mipaka ya kanuni

Kanuni hizi zina mipaka mitano ambayo haina budi kuzingatiwa.

Kwanza, katika ndoa za mitala kila mke alianza mfuatano wake upya. Mwanamume mwenye wake watatu aliweza kuwa na watoto watatu wenye jina la baba yake. Katika mazungumzo ya kila siku walitofautishwa kwa jina la mama au kwa jina la kupanga. Katika maandishi ya kiserikali, ambamo jina la baba ndilo lililotakiwa, watu hao huweza kuonekana kuwa mtu mmoja. Hapa tena jina la mwanamke ndilo linalotenganisha kile ambacho jina la mwanamume limekichanganya.

Pili, watoto wengi walifariki wakiwa wachanga. Orodha ya watoto walio hai si orodha ya watoto waliozaliwa. Mtafiti anayeanza kuhesabu kwa mtoto aliyesalia atakosea nafasi zote zinazofuata. Swali la watoto waliofariki ni zito na huulizwa kwa adabu, lakini bila jibu lake hesabu haisimami.

Tatu, mtoto wa mwanamke ambaye hakuolewa hupewa majina ya upande wa mama tu. Katika hali hiyo nafasi ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni ya baba wa baba, hushikwa na baba wa mama. Mbari ikimpokea mtoto huyo, uzao wake huingia katika nasaba ya ardhi kupitia kwa binti, ingawa wasimuliaji wa baadaye huweza kumhesabu binti huyo kama mwana wa kiume au kumruka.

Nne, maana ya jina ni ya mtu wa kwanza aliyeitwa hivyo, si ya wote waliomfuata. Nyokabi, kwa mfano, ni jina linalohusiana na Ũkabi, yaani Wamaasai. Pengine mwanamke wa kwanza wa mnyororo huo alitoka Umaasaini, kwa ndoa, kwa vita au kwa kukimbia njaa. Nyokabi wa leo amerithi tu jina la nyanya yake. Jina hilo basi ni alama kwamba mahali fulani katika mnyororo wa wanawake palikuwa na uhusiano na Wamaasai. Halisemi ni vizazi vingapi vimepita.

Tano, utaratibu huu haukufuatwa kwa namna moja kila mahali baada ya mtoto wa pili wa kila jinsia. Kwa hiyo makisio yanayotokana na nafasi mbili za kwanza yana nguvu zaidi kuliko yale yanayotokana na nafasi ya tatu na kuendelea, na inafaa mtafiti aonyeshe tofauti hiyo katika mchoro wake.

5.0 Ukadiriaji wa Wakati

Mfumo ambao majina yake hurudi hauwezi kujipa tarehe wenyewe. Kamau, Mwangi, Kamau, Mwangi ni mfuatano ambao msimuliaji huweza kuufupisha bila kukusudia, vizazi vinne vikawa viwili. Ukunjaji huu wa vizazi ni jambo linalojulikana katika uchunguzi wa masimulizi, na Vansina (1985) amelijadili kwa mapana. Kwa Wakikuyu, dawa yake ni riika, neno ambalo lina undugu na rika la Kiswahili.

Vijana waliotahiriwa pamoja walipewa jina la rika, na mara nyingi jina hilo lilitokana na tukio la wakati huo. Mũtũng'ũ linakumbusha ndui ya miaka ya 1890. Kĩbandi linakumbusha kipande, ambacho wanaume wa Kiafrika walianza kulazimishwa kukibeba baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Rika la Forty, waliotahiriwa mwaka 1940, lilikuja kujulikana kwa nafasi yake katika siasa za Nairobi kabla ya Hali ya Hatari. Kwa hiyo msimuliaji anayeshindwa kusema babu yake alizaliwa lini huweza kusema bila shaka yoyote alitahiriwa na rika gani. Ikiwa kijana wa Forty alikuwa na umri wa kati ya miaka 16 na 20, alizaliwa baina ya 1920 na 1924.

Muriuki (1974) aliyatumia marika hayo, pamoja na vizazi vikubwa vya Mwangi na Maina vilivyopokezana madaraka, katika kujenga upya historia ya Wakikuyu hadi 1900. Katika mfumo huo mkubwa, mtu huwa upande mmoja na babu yake na upande mwingine na baba yake. Mfumo wa majina na mfumo wa utawala basi ulikuwa na umbo moja: mjukuu alirudi mahali pa babu.

Tahadhari mbili zinahitajika. Majina ya marika yalitofautiana kati ya Kiambu, Murang'a na Nyeri, na ilikuwepo miaka ambayo vijana wa kiume hawakutahiriwa. Pia urefu wa kizazi hutegemea njia inayofuatwa. Mwanamume aliyeoa mke wa tatu akiwa mzee aliweza kupata mtoto miaka arobaini baada ya mtoto wake wa kwanza. Kwa upande mwingine, mnyororo wa mabinti wa kwanza huenda kwa hatua fupi. Kuhesabu miaka 25 kwa kila kizazi bila kuuliza nyumba na nafasi ya mtoto ni kubahatisha.

6.0 Maandishi

Maandishi yaliingia katika familia hizi kwa njia ya misheni na ya serikali. Misheni ya Kiskoti ilihamia Kikuyu mwaka 1898, na wamisionari wa Consolata waliwasili mwaka 1902. Daftari za ubatizo zina thamani kubwa kwa sababu huonyesha tarehe na wazazi. Hata hivyo, ziliongeza jina jipya la Kikristo mbele ya jina la Kikuyu, na hatua kwa hatua jina la Kikristo likawa ndilo la kuitwa. Katika familia ambamo watoto wanakumbukwa kwa majina ya ubatizo tu, nasaba ya majina imefungwa, na funguo yake imo katika daftari la kanisa.

Badiliko la pili ni kuganda kwa jina la mwisho. Zamani Kamau wa Mwangi alimzaa Mwangi wa Kamau. Pale ambapo jina la baba lilifanywa kuwa jina la familia kwa mtindo wa Kizungu, watoto na wajukuu wote walibaki na jina moja, na kiungo cha wa kikapotea. Mtafiti akikuta jina la mwisho halibadiliki kwa vizazi viwili au vitatu, asidhani kuwa wote ni watoto wa mtu huyo.

Tatizo la tatu ni tahajia. Kikuyu kina irabu saba, na makarani wa mwanzo waliziandika kwa irabu tano. Sauti ya ĩ iliandikwa i au e, na ũ iliandikwa u au o. Chifu Kinyanjui wa Kiambu, aliyefariki mwaka 1929, anaonekana katika nyaraka nyingi kama Kinanjui. Aidha, viambishi vya udogo huweza kuficha shina moja: Gathoni na Mũthoni ni majina ya shina moja, na kiambishi ka- hutamkwa ga- kwa sababu sauti inayofuata ni ya aina inayosababisha badiliko hilo. Anayetafuta jina katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Nairobi hana budi kuandaa kwanza orodha ya tahajia zote zinazowezekana kifonolojia, kisha atafute kila moja.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba nasaba ya familia ya wakulima wa Kikuyu imehifadhiwa mahali pawili, na kwamba kila mahali paliihifadhi kwa sababu yake. Nasaba ya ardhi ilihifadhi kile kilichohitajika katika kudai shamba. Nasaba ya majina ilihifadhi kila aliyestahili kurudi, mume na mke, wa mbari hii na wa mbari ile. Kuziunganisha kunadai utaratibu maalumu: kuanza na istilahi za udugu katika lugha ya msimuliaji, kuandika watoto wote kwa mfuatano, wakiwemo waliofariki, kutenganisha nyumba, kuuliza rika la kila mtu, na mwisho, kulinganisha matokeo na maandishi.

Umuhimu wa kazi hii hauishii katika taaluma. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inawatambua watoto bila kujali jinsia, na katika kifungu cha 40 inaagiza kwamba mali ya mwanamume wa mitala igawanywe kwa kuzingatia nyumba zake. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika mila na desturi zinazohusu ardhi uondolewe. Ili masharti hayo yatekelezwe, sharti ijulikane nyumba zilikuwa ngapi, za nani, na zilizaa nani. Orodha ya wanaume peke yake haiwezi kulijibu swali hilo.

Kwa wanafunzi wa uzamili wanaokusanya data katika vijiji vya Kenya ya kati, wakati uliopo ni mfupi. Wazee wanaojua ni mtoto yupi alitangulia na yupi alifariki akiwa hajatajwa popote wanapungua. Majina yenyewe bado yapo na yanaitwa kila siku shuleni, sokoni na shambani. Kinachotoweka ni mfuatano wake, na mfuatano ukishatoweka, jina la bibi wa bibi litaendelea kuitwa bila mtu yeyote kujua kwamba ni lake.